Tairi la Mbele Kushoto

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Daftari hili lilikuwa la Zita, la hesabu. Kurasa za mbele amezijaza yeye, mimi nimeligeuza nianze nyuma. Sikukaa darasani hata siku moja. Herufi nilifundishwa na Zita huyuhuyu alipokuwa darasa la pili, kila jioni ananiandikia kwa mkaa kwenye mlango wa stoo na kunichapa vidole nikikosea. Sasa ameolewa, yuko Yaeda Chini. Mimi naandika kwa sababu mawazo yakibaki kichwani nagombana na kila mtu.

Leo tumepakwa majivu. Tulipokuwa tunarudi kutoka kanisani pikapu ikaanza kulia upande wa kushoto mbele. Sauti yake ni kama mtu anasaga mtama mkavu juu ya jiwe. Basili, mwanangu, ndiye anayeendesha. Akasimama, akasikiliza, akasema, "Beringi, mama." Nikamwambia aendeshe tu, nyumbani ni karibu. Akaendesha polepole mpaka mbuzi wakatupita.

Niseme wazi shida yangu iko wapi. Zita ni mjukuu wangu. Mama yake alifariki Zita akiwa bado ananyonya, nimemlea mimi. Ana mimba ya miezi saba. Mwaka jana, mwezi wa nne, uchungu ulimkuta huko bondeni wakati mvua imekata njia. Mumewe Pascal akampakiza kwenye bodaboda. Mtoto alikufa kabla hawajamaliza kupanda kilima. Safari hii nimeapa: kabla njia haijafungwa, Zita atakuwa amelala kwangu hapa Tlawi, hospitali ikiwa karibu. Wenye magari ya kukodi mwezi wa nne hawashuki Yaeda, na anayekubali anataja bei ya ng'ombe. Iliyopo ni pikapu hii ya marehemu mume wangu, ambayo umri wake ni mkubwa kuliko wa Zita.

Kwaresima hii nimeacha maziwa. Si ya chai, si ya mgando, hata tone. Nimemwambia Mungu ni kwa ajili ya Zita.

Alhamisi, 6 Machi

Basili ameinua pikapu kwa jeki, akalishika tairi juu na chini akalitikisa. Likacheza kama jino langu la mwisho. Hatulitumii mpaka fundi aje.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi amekuja. Ni Evarist, mtoto wa binamu yangu, gereji yake ni chini ya mti wa mgrivelia hapo njia panda. Akatoa tairi, akatoa kifuniko, akafungua nati, akaninyooshea kitu mkononi nione. Beringi ni pete ya chuma ambayo ndani yake vimepangwa vyuma vidogo vya mviringo, vinakimbia ndani ya kikombe chao. Hivi vya kwetu vilikuwa na mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Grisi imekuwa nyeusi na ina mchanga wa chuma. Evarist akasema hapa hakuna cha kusafisha, ni kununua, na zinanunuliwa mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje, pamoja na vikombe vyake.

Basili akakohoa kwanza. Akikohoa najua anataka kusema neno ambalo hataki kulisema. Akasema kuna mtu wa vyuma chakavu kutoka Katesh anapita wiki ijayo, ananunua magari mabovu kwa kilo, labda tumuuzie hii, pesa tukodi gari zuri la kumleta Zita.

Nilimwambia auze miguu yake kwanza.

Evarist aliinama akajifanya anatafuta nati chini. Basili ana miaka hamsini na mbili na bado anaogopa barabara. Baba yake alikuwa anashuka Yaeda anaimba. Sijui huu woga ameutoa titi lipi, maana nilimnyonyesha mimi.

Jumapili, 9 Machi

Misa. Nilikwenda kwa miguu. Magoti yangu yamenisema njia nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Mbulu mjini na Basili. Nimefunga kwenye kitenge pesa ya mbuzi mmoja, elfu tisini.

Duka la kwanza kijana hakuinua macho kwenye simu. Duka la pili walikuwa na za magari mengine. La tatu ni la Hamis Shumbana, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuwa nyeupe, alinipa shikamoo na kiti kabla hajaniuliza shida. Akachukua beringi yetu mbovu, akaisoma namba kwa miwani, akaweka mezani maboksi mawili. Moja ni la Kijapani, laki moja na themanini kwa seti. Lingine halina jina ninaloweza kulisoma, elfu thelathini na tano.

Nikasema nipe hili dogo. Akaniuliza gari linafanya kazi wapi. Nikamwambia linashuka Yaeda kumchukua mjamzito. Akalirudisha boksi dogo nyuma ya meza.

"Bibi, hii naweza kukuuzia ukitembelea hapa Mbulu na Dongobesh. Ule mteremko siwezi. Breki zikipata moto na hii ikipata moto, tairi litawatangulia."

Nikajua ananisukuma kwenye boksi la laki moja na themanini. Nimeuza maharage sokoni miaka arobaini, najua mfanyabiashara anavyokificha kitu cha bei ndogo ili macho yako yabaki kwenye kikubwa. Nikamwambia hivyohivyo, watu wanasikia. Hakukasirika. Aliniambia duka lake liko palepale, nikitaka kurudi nirudi.

Tumerudi mikono mitupu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Imepiga tangu saa sita mchana mpaka jioni.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mahindi yamefurahi, mimi hapana.

Jumamosi, 15 Machi

Zita amepiga simu. Kule mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, kwa hiyo nikimsikia najua amepanda na tumbo lake lote. Nilimgombeza kwa hilo kwanza. Akacheka. Akasema miguu imevimba kidogo, mtoto anapiga teke usiku na mchana, Pascal anamchotea maji yeye mwenyewe. Nikasema maji ni kitu gani, alete gari. Halafu akaniambia neno hili, nimeliandika kama lilivyo:

"Bibi, mimi nakungoja wewe. Simngoji mtu mwingine."

Simu ikakatika. Nimekaa na simu sikioni muda mrefu kama mjinga.

Pascal ni bwana mifugo huko, anachanja ng'ombe wa watu. Ng'ombe wa kule wanachanjwa kwa wakati. Mke wake alipandishwa kilima kwa pikipiki.

Jumatatu, 17 Machi

Mtu wa vyuma chakavu amepita. Nilikaa juu ya boneti mpaka akaondoka.

Jumanne, 18 Machi

Evarist ameuliza Dongobesh kwa jamaa zake. Za mtumba hakuna. Za bei ndogo zipo, na jamaa mmoja alifunga hizo kwenye gari lake mwezi wa kwanza, mwezi wa pili tairi likatoka akiwa na magunia ya vitunguu. Hakufa, vitunguu vilikwenda korongoni.

Kwa hiyo yule mtu wa Mbulu alisema kweli. Sipendi kuandika hivyo, lakini nimeandika.

Alhamisi, 20 Machi

Nimerudi kwa Hamis. Basili alitaka kubaki nje, nikamwingiza ndani ashuhudie mama yake anavyoomba msamaha. Nilimwambia Hamis kwamba juzi nilimwita mwongo bila kutumia neno lenyewe, na kwamba nimekuja kulichukua neno langu. Akasema hakulisikia. Alilisikia sana, duka zima lililisikia.

Ilikuwa saa saba, jua kali baada ya mvua. Midomo yake mikavu, yuko kwenye mfungo wa Ramadhani, na mimi wa kwangu. Kwa hiyo hakuna aliyemkaribisha mwenzake chai, tukaongea.

Nikafungua kitenge nikamwonyesha kilichomo. Nikasema sina cha kuongeza mpaka tuvune, na kuvuna ni baada ya mtoto kuzaliwa. Akatazama pesa, akatazama paa. Halafu akaniambia kitu ambacho muuza spea hapaswi kumwambia mteja. Alisema pikapu za zamani kama yetu hazikufa katika wilaya hizi, zilikwenda chini ya mikokoteni. Mafundi wa kuchomelea walikata vyuma vya mbele, na tairi zake na kila kitu, wakavifunga kwenye bomba, punda akavuta. Marehemu baba yake Hamis aliivunja pikapu moja namna hiyo akamuuzia mzee mmoja Mmang'ati wa Gehandu, anaitwa Gidahosh. Beringi zilikuwa za Kijapani, zilifungwa mpya mwaka huohuo.

"Punda hakimbii, bibi. Na mzee yule anapaka grisi kuliko anavyopaka watoto wake mafuta. Zile beringi zitakuwa bado mbichi."

Nikauliza kwa nini mzee atupe beringi zake. Hamis akachukua lile boksi la elfu thelathini na tano alilonikatalia mara ya kwanza, akaliweka mbele yangu. "Mpelekee hizi mpya. Kwa mkokoteni zitadumu mpaka zimzike yeye na punda wake. Hakuna anayepoteza."

Akapiga simu Gehandu kwa mtu anayemjua, kutoa habari kwamba tunakuja. Nilipolipa akanipa kopo la grisi bila kulihesabu. Nikamuuliza faida yake ni nini. Akasema nimpigie simu mtoto akizaliwa.

Njiani Basili alilipakata boksi, mimi kopo la grisi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimechoka lakini hii lazima iandikwe leo.

Tumeondoka alfajiri mimi, Basili na Evarist, tukapanda basi la Katesh, tukashuka njiani, tukachukua bodaboda mbili mpaka Gehandu. Evarist alibeba nyundo na patasi, Basili jeki na spana. Bodaboda akatuuliza kama tunakwenda kuvunja nyumba ya mtu.

Gidahosh ni mrefu, mwembamba, masikio yametobolewa, umri wake na wangu vinapishana kidogo tu. Tukabishana nani amwamkie nani mpaka tukakubaliana tusalimiane habari. Mkokoteni ulikuwa uani umejaa madumu ya maji. Evarist akaenda moja kwa moja kwenye tairi akalizungusha kwa kidole. Likazunguka, likazunguka, bila sauti. Alinitazama kama mtu aliyeona asali.

Nikamweleza Gidahosh shida yangu yote, sikuficha kitu, hata mtoto wa mwaka jana. Alisikiliza ameegemea fimbo. Akasema, "Kumbe umetoka mbali kuja kuwavua punda wangu viatu." Nikasema nawaletea vingine vipya. Akacheka. Nikaona mambo yamekwisha, nikamwambia Evarist apige jeki.

Gidahosh akainua fimbo, kidogo tu.

Akasema mgeni hafungui chuma cha nyumba yake yeye akiwa hajanywa cha nyumba hiyo. Asiyekunywa kwake ni mpita njia, na mpita njia hampi kitu, wala habadilishani naye. Wakati anasema hayo mke wake mkubwa alikuwa ameshatoka na kibuyu. Maziwa. Yamefukizwa moshi, mazito, harufu yake nilianza kuipata hatua kumi kabla. Akanipa mimi wa kwanza kwa sababu mimi ndiye mkubwa wa wageni.

Nikaeleza mfungo wangu. Nikasema wanangu hawa watakunywa, wao wameacha vitu vingine, Basili ameacha pombe, Evarist sijui ameacha nini. Yule mama alibaki amesimama na kibuyu. Gidahosh akasema wao watakunywa baada yangu, si badala yangu. Hakuwa mkali. Ni kama ninavyomwambia mtu avue viatu vyenye tope mlangoni.

Basili akaninong'oneza kwamba tunaweza kutafuta kwingine. Nikamwambia anyamaze.

Gidahosh akaniuliza, "Huyo Mungu wako, ulimwahidi kwa ajili ya nani?"

"Mjukuu."

"Na hizi beringi ni kwa ajili ya nani?"

Nikachukua kibuyu. Nilikusudia kuonja. Mama yule hakupokea, akawa ananitazama tu, kwa hiyo nikaendelea. Nimekunywa kibuyu kizima. Siku kumi na saba sijaonja maziwa, na niseme ukweli kwa sababu hapa hakuna anayenisikia: yalikuwa matamu mpaka nikaona aibu.

Baada ya hapo hakuna aliyetuzuia. Walishusha madumu wenyewe. Evarist alitoa beringi pamoja na vikombe vyake, aligonga kwa patasi taratibu, kushoto kulia, kushoto kulia, maana roli, vile vyuma vidogo, na kikombe chake vimezoeana, ukivitenganisha vinaharibiana. Zilipofutwa zikang'aa kama fedha. Akafunga zetu mpya kwenye mkokoteni, akapaka grisi kwa kiganja. Gidahosh alizungusha tairi, akaweka sikio, akasema inanung'unika kidogo lakini punda nao wananung'unika.

Alitusindikiza mpaka barabarani. Wazee wetu na wazee wao walichukuliana ng'ombe na kuuana. Ameniambia nikirudi nije na mtoto.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia padre kuhusu maziwa. Akauliza yalikuwa mengi? Nikasema kibuyu. Akaniambia nisali Baba Yetu mara tatu na nimwombee huyo mzee. Huyo mzee nilikuwa nimeshaanza kumwombea tangu kwenye basi.

Jumatatu, 24 Machi

Evarist amefunga beringi. Nilisimama juu yake tangu mwanzo. Alipofika kwenye nati akaikaza, halafu akairudisha nyuma kidogo. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema ndivyo inavyofungwa. Nikamwambia mimi nimefunga majembe na plau tangu mama yake hajaolewa, chuma kilicholegea ndicho kinachotoka. Kaza. Akakaza. Nikatikisa tairi mwenyewe, nikaona linacheza kidogo. Kaza. Akaleta bomba akalivika kwenye spana apate nguvu. Kaza tena, mpaka ikatae.

Sasa tairi halichezi hata nywele moja. Nitalala vizuri.

Jumatano, 26 Machi

Sikupaswa kulala vizuri.

Leo tulikwenda Dongobesh kujaribu. Tumepakia magunia mawili ya viazi ili ijue uzito. Basili kila baada ya kilima anasimama, anashuka, anaweka kiganja katikati ya tairi, anapanda tena. Mara ya pili nikamwambia analipapasa gari kama ng'ombe mgonjwa. Mara ya tatu nikamwambia baba yake alikuwa hasimami mpaka afike. Mara ya nne aliweka mkono akautoa haraka, akaupuliza.

Nikashuka. Harufu ya grisi iliyoungua. Nilitema mate kwenye kile kifuniko yakachemka yakaisha.

Tuliketi kando ya barabara saa mbili nzima ikipoa, kisha tukarudi kwa mwendo wa maiti, tunasimama kila mara. Njia yote nilimtukana Evarist. Tulipofika kwake nikashuka nikamtukana tena, mbele ya wateja wake, nikamwita muuaji. Alisimama na kitambaa chake mkononi, kichwa chini.

Basili ndiye aliyesema. "Mwambie, Evarist. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi."

Evarist akasema kwa sauti ndogo kwamba nati ile hukazwa, kisha hurudishwa nyuma, ili roli zipate nafasi ya kuzunguka. Ikikazwa yote zinasagana zenyewe.

"Ulijua?"

"Nilijua, bibi."

"Sasa kwa nini ulikaza?"

"Ulisema nikaze. Mara tatu."

Watu wakatazama pembeni. Mtoto huyu ana fundi wake aliyemfundisha Arusha miaka minne, na aliharibu kazi anayoijua kwa sababu mwanamke mwenye mvi alisimama juu yake na kusema kaza. Na mimi ndiye niliyemlea hivyo, mimi na wenzangu, kwamba mkubwa hapingwi.

Nikamwambia, mbele ya walewale waliosikia matusi: "Siku nyingine nikikuamuru ujinga, nitukane kwanza. Shikamoo baadaye."

Akafungua. Nimekaa mbali, kwenye jiwe, mikono nimeikalia. Grisi ilikuwa imeyeyuka kama uji. Akaziosha beringi kwa mafuta ya taa, akazikagua moja moja juani, roli baada ya roli. Sijawahi kungoja maneno ya daktari namna ile. Akasema hazijageuka rangi. Basili angesimama kilima kimoja baadaye, zingekuwa zimekwisha.

Kilima kimoja. Ndicho kile nilichomwambia asisimame.

Alhamisi, 27 Machi

Evarist amefunga tena. Nilikuwa shambani, kwa makusudi.

Ijumaa, 28 Machi

Dongobesh kwenda na kurudi. Basili amesimama mara sita. Kila akiweka mkono nami nashuka naweka wangu. Vuguvugu, kama yai lililotoka kutagwa.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua kubwa. Tulitaka kushuka leo.

Jumapili, 30 Machi hadi Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua. Lori la mnada limekwama kwenye mteremko siku tatu, hakuna anayepita juu wala chini. Simu ya Zita haipatikani. Nimepalilia maharage mpaka hayana la kupaliliwa. Nimemuuliza Basili kila asubuhi kama twende. Kila asubuhi ametembea mpaka ukingoni akatazama bonde na kusema bado. Mwezi uliopita ningemwita mwoga. Sasa nampikia uji asubuhi kabla hajaenda kutazama.

Jumatatu, 7 Aprili

Imeacha. Lori limetolewa. Basili anasema udongo unataka jua la siku mbili, wingu likituachia.

Jumatano, 9 Aprili

Jua jana, jua leo. Kesho.

Alhamisi, 10 Aprili

Ninaandika nikiwa nyumbani. Hilo nianze nalo.

Tuliondoka kulipopambazuka. Kwenye mteremko Basili aliweka gia ya kwanza na hakugusa breki ila pale penye lazima. Tulisimama mara nyingi sikuhesabu. Mara moja kifuniko kilikuwa na moto kidogo, tukakaa mpaka kikapoa, mimi nikala viazi, yeye hakula. Anaogopa kweli, na alishuka hivyohivyo anaogopa, kila kona. Marehemu alikuwa haogopi, kwa hiyo haikumgharimu kitu. Nimeyafikiria hayo mpaka chini.

Chini kuna korongo moja. Hilo ndilo lililomkatia Zita njia mwaka jana. Nilikuwa nimejiandaa kulikuta kama lilivyo, kuta za tope na shimo katikati. Tukakuta mawe. Yamepangwa toka ukingo huu mpaka ule, mapana ya tairi mbili, yamejaziwa changarawe na matawi ya migunga. Na katikati ya mawe, suruali imekunjwa mpaka magotini, amesimama Pascal na wachungaji watano.

Wamefanya kazi hiyo siku tisa. Mvua ikiyasomba mawe usiku, asubuhi wanayarudisha. Wachungaji wale hawadai kitu, Pascal amewachanjia ng'ombe wao miaka mitatu. Pascal viganja vyake vimechubuka mpaka nyama inaonekana. Alikuja kwenye dirisha langu akainama.

"Shikamoo, bibi."

Tangu mwaka jana nimekuwa namwitikia kwa pua. Nilitaka kumwambia mengi. Nikamshika kichwa kwa mikono yote miwili, dirishani hapo, nikamwambia, "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Akageuka haraka akajifanya anaonyesha njia.

Zita alikuwa mlangoni amefunga mzigo wake tangu saa ngapi sijui. Uso umejaa, miguu kama ya mtu mwingine. Alinicheka kwa sababu nilikuwa na tope mpaka kwenye kilemba. Tumemkalisha kati yangu na Basili. Kulikuwa na mke wa mchungaji mmoja naye tumbo lake kubwa, amesimama mbali anatazama pikapu, haombi. Nikamwambia Pascal amwambie apande nyuma na Pascal ampe godoro lake. Akapanda.

Kupanda kilima ndiko kulikuwa kazi. Wingu lilikuwa limeanza kujaa tena upande wa ziwa, ng'ambo ya bonde. Basili akisimama kugusa tairi, Zita anauliza kuna nini, nami namwambia mjomba wako anasalimia gari. Kwenye kona ya juu kabisa matone ya kwanza yakapiga kioo. Basili hakuongeza mwendo. Mimi sikusema ongeza. Nyuma yetu mvua ilifunga bonde lote, ukitazama huoni kitu, ni ukuta mweupe tu.

Tulipofika juu, barabara ilipolala sawa, Basili alizima gari. Akaweka kichwa kwenye usukani. Zita akampigapiga mgongo kama anayemtoa mtoto gesi.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Wote wawili wamepimwa hospitalini. Zita presha yake iko juu, daktari amesema angebaki kule sasa tungekuwa tunaongea habari nyingine. Wamempa dawa. Yule mwenzake yuko kwenye nyumba ya wajawazito wanaongoja, nampelekea chakula.

Pasaka, 20 Aprili

Watu wamejazana kanisani magoti kwa magoti, nimekosa kiti. Sawa tu.

Jumanne, 29 Aprili

Ilianza asubuhi wakati wa chai. Nilimwita Basili mara moja, hakuuliza. Saa nne tulikuwa hospitalini, saa kumi jioni Zita akajifungua. Mtoto wa kike, kilo tatu kasoro kidogo. Wakanizuia mlangoni, nikawaambia wazuie ng'ombe. Nimeingia. Zita amelala amechoka, macho yako wazi, amemshika mtoto kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba maji na hataki yamwagike.

Nilimpigia Hamis. Nikamsikia anapenga kamasi, akasema ana mteja, atapiga baadaye. Hakuwa na mteja.

Jumamosi, 17 Mei

Pascal amepanda kwa miguu na pikipiki kuja kumwona mtoto. Amelala sebuleni siku nne, amenichanjia kuku wote.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua imekatika, barabara imekauka. Leo wakati namwosha mtoto Zita aliniambia anataka kurudi kwake.

Niliendelea kuosha. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu: chumba cha nyuma, kitanda, mbuzi wa maziwa, Pascal aombe uhamisho. Nilikuwa sijamwambia mtu lakini nilikuwa nimeshapanga. Nikamwambia kule hakuna hospitali. Akasema anajua. Nikamwambia kule hakuna maji. Akasema Pascal anachota. Nikamwambia na mimi je?

Akasema, "Wewe bibi una gari."

Nimekasirika mpaka saa nane mchana. Nimefua nguo zilizokuwa safi. Halafu nikatoka nje. Basili alikuwa chini ya pikapu, ametoa lile tairi, Evarist yuko naye, wanabadilisha grisi. Walikuwa wameshajua, wote wawili. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuambiwa.

Nimewaambia mtoto atashuka akishakaza shingo, si kabla, na mimi nitakaa naye dirishani, na tutasimama kila kilima. Evarist alikuwa ameshika spana kwenye nati. Akakaza, akanitazama, akairudisha nyuma.

Nikaingia ndani kumfunga mtoto kanga.